ELIMU YA NYUMBANI: Hesabu ya Waya Uliopata Moto

Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe hutumia umeme kila siku, na wengi huujua kwa jina la stima. Kule Kipevu, upande wa Changamwe, imo mitambo mikubwa ya kuuzalisha. Mmoja wao, ulioanza kazi mwaka 2011, uliundwa kutoa wati zipatazo milioni 120. Lakini hesabu ya msingi wanayoitumia wahandisi wa Kipevu ni ile ile awezayo kuifanya mkulima au karani nyumbani kwake kwa kalamu ya risasi. Hesabu hiyo ni fupi, nayo yaweza kuokoa nyumba isiteketee.

Kwanza yafaa kuvijua vipimo vinne. Maji ya chemchemi za Mzima hufika Mombasa kwa mabomba. Yana msukumo, yana wingi wa kupita, na bomba likiwa jembamba huyazuia. Umeme nao ni vivyo hivyo. Msukumo wake hupimwa kwa volti; wingi wa mkondo upitao hupimwa kwa ampea; kizuizi cha waya au chombo, yaani ukinzani, hupimwa kwa omu. Kipimo cha nne ni wati, nacho huonyesha nguvu inayotumika, iwe ni ya kazi au ya joto.

Kanuni ya ukinzani ilichapishwa mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyekuwa mwana wa fundi wa makufuli. Yasema hivi: gawanya volti kwa ampea, nawe utapata omu. Kanuni ya pili ni nyepesi vile vile: zidisha volti kwa ampea, nawe utapata wati. Katika nyumba za Kenya msukumo wa umeme ni volti 240.

Basi na uchukuliwe mfano wa fundi cherehani wa Likoni afanyaye kazi katika chumba kimoja. Ana pasi ya wati 1,200 na birika la umeme la wati 2,400. Vyote viwili huvichomeka katika waya mmoja wa kuongezea, na kwa kuwa waya huo ni mrefu, ameuzungusha kama kamba na kuusukuma chini ya meza, penye vipande vya nguo. Siku moja mpwa wake, mwanafunzi wa sekondari, akainama kuokota sindano, mkono wake ukaugusa.

"Mjomba, waya huu una moto," akasema.

"Ni joto la Likoni tu, mwanangu. Fyuzi haijakatika, basi hakuna neno."

Kijana hakubishana na mkubwa wake. Alichukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akasoma wati zilizoandikwa chini ya kila chombo, akaanza kuhesabu. Birika: wati 2,400 kugawanya kwa volti 240 ni ampea 10, na volti 240 kugawanya kwa ampea 10 ni omu 24. Pasi: wati 1,200 kugawanya kwa volti 240 ni ampea 5, ukinzani wake ni omu 48. Hapo mjomba akastaajabu kuona kwamba chombo chenye ukinzani mdogo ndicho kilacho umeme mwingi.

Kisha akaja kwenye waya wenyewe. Ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 0.75, na urefu wa mita 10. Waya wa namna hiyo hufaa kwa ampea 6 tu, na ukinzani wake, kwenda na kurudi, ni karibu nusu omu. Joto linalozaliwa ndani ya waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Pasi ikiwa peke yake: 5 mara 5 mara 0.5, ni wati 12.5. Pasi na birika pamoja: 15 mara 15 mara 0.5, ni wati 112.5.

"Tazama, mjomba. Mkondo umeongezeka mara tatu, bali joto limeongezeka mara tisa. Nalo limefungiwa chini ya nguo."

Mzee akauliza kwa nini fyuzi haikukatika. Jibu ni kwamba fyuzi ya ampea 13 huvumilia ziada ndogo kwa muda mrefu. Haiwezi kuulinda waya wa ampea 6. Na mtu akiitoa fyuzi na kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pake, amemfukuza hata mlinzi huyo mmoja aliyebaki.

Jioni ile birika lilihamishwa kwenye soketi yake ukutani, waya ukakunjuliwa wote na kuondolewa penye nguo, na plagi yake ikatiwa fyuzi ya ampea 5, iliyotosha kwa pasi.

Kila mwenye nyumba aweza kufanya hivyo. Asome wati za kila chombo, agawanye kwa 240, ajumlishe ampea za vyote vilivyo kwenye waya mmoja, kisha alinganishe na kiasi ambacho waya huo waweza kuchukua. Hesabu hii ni sawasawa kwa vyombo vya joto. Vyombo vyenye mota, kama friji, vyaweza kuvuta zaidi, hasa vinapoanza. Na waya wowote unaopata moto mkononi uzimwe, aitwe fundi mwenye ujuzi.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walisifu ushirikiano; lakini pasi na birika havipaswi kushirikiana katika waya mwembamba.