Kidonge cha Sukari si cha Kugawana



Mwezi uliopita mfanyakazi mmoja wa zamu ya usiku alileta bibi yake kwenye dispanseri. Mama huyu ana lupus. Ni ugonjwa ambamo askari wa mwili, wale wanaotulinda na vijidudu, wanageuka na kupiga mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo. Siku ile alikuwa anatapika na kuhara, na miguu imevimba. Nikauliza: «Baba, amekunywa nini?» Akajibu: «Munganga, nilisikia dawa ya sukari inatuliza lupus. Nikampa vidonge vya mama yangu.»

Vidonge vile vilikuwa metformini. Kumbe lupus ilikuwa imekwisha kuharibu figo za bibi yake. Na mama mzee alikuwa amekaa wiki mbili bila dawa, sukari imepanda.

Simcheki baba yule. Alichosikia si uongo mtupu, maana dawa hubadili kazi. Hidroksiklorokini ilianza kama dawa ya malaria. Leo ndiyo dawa ya msingi ya lupus. Metformini nayo ni ya zamani. Asili yake ni ujuzi wa majani yaitwayo galega, na munganga Jean Sterne wa Paris alitangaza mwaka 1957 kwamba inasaidia wagonjwa wa sukari. Baadaye watafiti waliona kwamba inaweza pia kutuliza wale askari wa mwili waliogeuka.

Basi wakaijaribu. Huko China walichukua wagonjwa 140 wa lupus ambao ugonjwa wao haukuwa mkali, na matokeo yalitoka mwaka 2020. Wagonjwa 67 walipewa metformini, 73 kidonge kisicho na dawa, wala hakuna aliyejua anameza kipi. Dawa zao za kawaida waliendelea nazo. Baada ya miezi 12, ugonjwa uliamka kwa 14 wa metformini, na kwa 25 wa upande wa pili. Hesabu hii inaleta matumaini, lakini haitoshi. Kwa watu wachache hivi, tofauti kama ile inaweza kuletwa na bahati tu.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, majaribio yaendelee, tena yawe makubwa. Metformini ni ya bei ndogo, na viwanda vingi vinaitengeneza; hakuna mwenye kiwanda atakayekimbilia kulipa jaribio lisilompa faida. Serikali na vyuo vikuu vilipe. Lupus inapiga wanawake kuliko wanaume, na wanawake weusi kuliko weupe. Ni haki majaribio yafanywe na kwetu pia.

Pili, mpaka siku ile, kidonge kibaki kwa mgonjwa wake. Ninyi wa shimoni mnajua: kamba mpya ya chuma inajaribiwa kwa uzito kabla watu hawajashuka nayo. Hakuna anayesema «inaonekana nzuri, tushuke tu». Metformini inatoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa mbovu, inajikusanya, damu inaweza kujaa asidi, na mtu anaweza kufa. Na figo ndizo lupus inazopenda kupiga.

Kwa hiyo, mkumbuke:

Mgonjwa wa lupus asiache dawa zake, wala asiongeze nyingine kabla munganga hajapima damu na mkojo.

Mgonjwa wa sukari asigawe vidonge vyake, hata kwa mtoto wake.

Ukisikia habari ya dawa mpya, njoo uulize dispanseri. Kuuliza hakulipiwi.

Bibi yule yuko bado lopitali, na figo zake zinapimwa kila wiki. Mume wake anakuja kumwona akitoka zamu. Safari hii analeta chakula tu.