MGENI ANAJENGEWA, MWENYEJI ANASIMULIWA

Kijana wa Lufingo, unaposoma gazeti hili umesimama mbele ya meza ya muuza magazeti Mwanjelwa au Kariakoo, jiulize swali moja. Historia ya kwenu iko wapi? Usijibu haraka. Haiko Tukuyu.

Tuanze na kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walipokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa, waliambiwa kwamba Mlima Rungwe una kima wa aina yake. Wakamtafuta, wakamwona. Mwaka 2005 wakamtangaza kwa dunia kuwa ni kima mpya, na 2006 wakampa jina la kisayansi, Rungwecebus, linalotokana na mlima wetu. Mpya kwa nani, jamani? Wawindaji walikuwa na jina lake tayari! Mwili wa kipunji mdogo aliyenaswa na mtego katika shamba la mahindi la mkulima ulipelekwa Marekani, ukawekwa katika makumbusho ya Field Museum, Chicago.

Si kipunji peke yake. Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walikaa na Wanyakyusa, wakaandika habari za vijiji vya marika, mazishi, ndoa na matambiko ya Lwembe kule Lubaga. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Barua na taarifa walizopeleka kwao zimetunzwa Herrnhut, Ujerumani.

Kwa hiyo mtoto wa Lufingo akitaka kumjua babu yake anahitaji pasipoti na nauli ya mabara matatu. Nauli ya kwenda Mbeya mjini inamshinda!

KITUO CHA NINI?

Sasa wasikilize wakubwa wakipanda jukwaani. Rungwe ina Ziwa Ngosi, ina Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, ina Kijungu, kwa hiyo tujenge kituo cha wageni, watalii waje, dola zimiminike. Makofi!

Hatupingi kituo. Tunauliza ndani kutawekwa nini. Vigae vya kung'aa, kaunta, choo cha Mzungu na picha za ukutani? Hilo si makumbusho, ni mapokezi ya hoteli isiyokuwa na vyumba. Jengo la namna hiyo lina faida moja tu inayoonekana mapema, nayo ni zabuni. Mkandarasi anapata chake, kigogo anapata asilimia kumi yake, utepe unakatwa, ngoma zinapigwa. Kisha mlango unafungwa kwa kufuli na buibui wanahamia.

Tena jengo tunalo! Tukuyu ndiyo Neu Langenburg ya Wajerumani, na boma lao likageuzwa ofisi za serikali. Katika mji huo ndipo babu zetu walipodaiwa kodi na kusukumwa kwenye kazi za shuruti. Kuna mahali gani panapofaa zaidi kusimulia habari hiyo?

Lakini tazama sheria ilivyotufanyia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hata iliporekebishwa mwaka 1979, iliweka mstari kwenye mwaka 1863. Kilichojengwa kabla ya hapo kililindwa moja kwa moja, na kilichojengwa baadaye kikasubiri kalamu ya Waziri. Mjerumani alifika Rungwe miaka ya 1890. Maana yake historia yote ya ukoloni, ile iliyotutoa jasho na damu, iliachwa ikingojea hisani ya mtu mmoja ofisini.

IRINGA WALIWEZAJE?

Wapambe watasema haiwezekani. Waende Iringa. Jengo la Wajerumani lililotumika kwa miaka mingi kama ofisi za serikali lilifanywa makumbusho, likafunguliwa mwaka 2016 chini ya Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Hawakuanza na zege. Walianza na nyumba iliyokuwapo na habari za watu wa pale.

Na wasituambie mkono wa serikali haufiki huku kusini. Kimondo cha Mbozi, jirani zetu, kilikabidhiwa kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyo upande wa pili wa nchi. Mkono unaofika Mbozi unashindwaje kufika Rungwe?

Wengine watakuja na hoja ya zahanati: watu hawana dawa, nyie mnataka makumbusho. Hoja nzito, lakini inatoka kwenye vinywa visivyostahili. Mbona hatuisikii yanaponunuliwa mashangingi? Nasi hatuombi jumba la mabilioni. Nakala za barua na picha zinagharimu kidogo kuliko matairi ya msafara mmoja wa kiongozi.

TUNADAI HAYA

Kwanza, boma la Tukuyu lipewe ulinzi kamili wa sheria, na ofisi zitafutiwe mahali pengine.

Pili, serikali iandike barua rasmi Chicago, Cape Town na Herrnhut kudai nakala za kila kinachotuhusu. Mwaka 1954 Mwingereza mwenyewe alirudisha fuvu la Mkwawa Kalenga. Serikali huru inashindwa hata kuomba nakala?

Tatu, zabuni ikitangazwa, bei na jina la mshindi vibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kata, Lufingo ikiwemo.

Nne, waongoza wageni wawe vijana wa hapa, kwa mikataba na mishahara, si kwa bakshishi. Sehemu ya kiingilio irudi vijijini, na hesabu zisomwe mkutanoni.

Tano, maandishi ya ukutani yawe kwa Kinyakyusa na Kiswahili kwanza, na wanafunzi waingie bure.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu mgeni amekuja tangu 1891, ameandika, amepiga picha, amebeba, ameondoka. Mwenyeji bado hajapona. Siku diwani wako atakapokuja na ramani ya kituo cha wageni, usimuulize kina vyumba vingapi. Muulize ndani ataweka nini, na ufunguo atakaa nao nani.