Rupia 15 za Tabora na kipimo cha maji
Kwa familia za Kabwe zilizorithi sarafu ya njano ya enzi za Wajerumani, ambao boma lao la Bismarckburg lilikuwa Kasanga, kwenye mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika, kinachopaswa kuangaliwa kwanza ni aina yake, kwa kuwa mwaka 1916 Tabora ilitengeneza rupia 15 za dhahabu na pia heller za shaba ya manjano (mchanganyiko wa shaba na zinki), zenye alama ileile ya T, ambazo ni halisi kabisa ingawa hazina dhahabu. Rupia 15, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili, ina uzito wa takriban gramu 7.17 na dhahabu sehemu 750 kwa 1,000. Sumaku haithibitishi kitu, maana hata shaba hainaswi. Kinachofaa ni densiti, yaani uzito ukilinganishwa na ujazo, ambapo sarafu hiyo ikining'inizwa ndani ya maji kwenye mizani ya sonara hupungua karibu nusu gramu, ilhali shaba ya manjano ya uzito uleule hupungua zaidi ya gramu 0.8. Nakala ya dhahabu ya kiwango hichohicho ingepita kipimo hiki, hivyo chapa nayo ilinganishwe na sarafu iliyothibitishwa, na kamwe isikwanguliwe wala kutiwa asidi.