Mwanamke Mkristo Ana Kazi Gani?



Muhula huu, katika mdahalo wa Jumamosi jioni, tulijadili hoja isemayo, "Mahali pa mwanamke ni nyumbani." Wasemaji wa pande zote mbili walisema kwa ufasaha, na kura zilipohesabiwa waliopinga hoja walishinda kwa wingi. Tulipiga makofi, tukaenda kula. Lakini usiku, kabla taa za bweni hazijazimwa, msichana mmoja wa Kidato cha Pili alinijia kitandani akaniambia, "Dada, haya, tumeshinda. Lakini mimi ni Mkristo, na nyumbani naambiwa kwamba msichana Mkristo mwema hunyamaza, huolewa, huzaa, basi. Sasa mimi ni nani? Na kazi yangu duniani ni ipi?"

Sikuweza kumjibu usiku ule. Nimefikiri tangu siku hiyo, na jibu langu naliandika hapa ili wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu walipime. Najua shule yetu ni ya Serikali, na humu tumo Wakristo, Waislamu, na wenye kufuata desturi za mababu. Mimi nasema juu ya nyumba yangu kwa kuwa ndiyo niijuayo. Wenzangu wa nyumba nyingine watanisamehe, na pengine wataona kwamba nyumba zetu zapakana.

Kwetu Usukumani mtu akifika ugenini huulizwa, "Wewe ni ng'wana nani?" yaani, mtoto wa nani. Ni swali la heshima, nami sina ugomvi nalo. Lakini tazameni jinsi linavyomfuata mwanamke maisha yake yote. Kwanza huwa mtoto wa fulani, halafu mke wa fulani, halafu mama fulani. Majina haya yote matatu ni mema, wala sitaki kuyatupa. Ila kila moja humweleza mwanamke kwa mtu mwingine. Je, mtu yule akifa, au akisafiri asirudi, mwanamke huyo atakuwa nani?

Nilibatizwa nikiwa na umri wa miaka tisa, kwa hiyo nakumbuka vizuri. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, na mlezi wangu alikuwa Bibi, mama yake baba. Nilipofika mbele, Padre aliniita kwa jina langu. Hakuuliza ng'ombe wangapi watatolewa kwa ajili yangu. Mvulana aliyenitangulia alimiminiwa maji yale yale, kutoka chombo kile kile, wala hakumiminiwa zaidi. Wakati ule sikulifikiri jambo hili. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na shida, ndipo nilipolikumbuka.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilirudi nyumbani, kijijini kwetu kando ya ziwa, kungoja matokeo. Siku moja wakaja wageni watatu kwa baba mdogo, wakaleta posa. Walitaja ng'ombe kumi na wanane. Nataka nieleze kwa haki: baba mdogo si mtu mbaya. Ana watoto sita, na mwaka ule pamba yake haikufaa kitu. Aliona ng'ombe wale ni mlango wa kuwasomesha wadogo zangu. Wala hakuvunja sheria. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka wa 2016 yatoza kifungo cha miaka thelathini kwa amwoaye mwanafunzi, na mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka kumi na mitano kuolewa vinapingana na Katiba. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha timiza miaka kumi na minane, na shule nimemaliza. Sheria ilikuwa imefika mwisho wa njia yake. Iliyobaki ilikuwa dhamiri.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa kuomba shauri. Aliniambia kwamba taji la mwanamke Mkristo ni utii, nami nisiwasumbue wakubwa. Nilirudi nikilia. Niliogopa kwamba nikikataa nitakuwa nimemkataa Mungu, na nikikubali nitakuwa nimejizika.

Sasa niwaeleze juu ya Bibi, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Bibi hajui kusoma. Kazi yake ni dagaa. Katika usiku wa giza wanaume hutoka na mitumbwi na taa zao kwenda ziwani. Usiku wa mbalamwezi hawatoki, kwa kuwa taa haziwavuti dagaa palipo na mwanga mwingi. Alfajiri mitumbwi ikirudi, Bibi yuko mwaloni na ndoo zake, anapatana bei. Zamani alianika dagaa wake mchangani kama wengine. Dagaa wa mchangani bei yake ni ndogo, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Ndipo yeye na wanawake wenzake wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania kilichoanzishwa mwaka wa 1972, wakachanga fedha kidogo kidogo, wakajenga chanja za miti na nyavu. Dagaa wa chanja hana mchanga, na wachuuzi humnunua kwa bei nzuri kumpeleka mbali, hata Kongo. Kwa fedha hiyo Bibi alininunulia sare na daftari. Kwa fedha hiyo hiyo wao huwapelekea unga wagonjwa wa kijiji, wala hawaulizi mgonjwa ni wa dini gani.

Siku ya kikao cha ukoo Bibi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akanyamaza mpaka wanaume wote walipokwisha kusema. Mzee yule wa kanisa alikuwapo pia. Kisha Bibi akaniambia, "Mama, lete Biblia. Tusomee ile sura ya mke mwema, ile isomwayo kwenye harusi. Lakini usiishie pale wanapoishia. Isome yote."

Nilisoma sura ya thelathini na moja ya Mithali tangu mwanzo. Mwanzo wake husahauliwa na wengi, nao wasema kwamba maneno yale mfalme alifundishwa na mama yake. Nikaendelea kusoma habari za mwanamke aamkaye kabla ya mapambazuko, atoaye chakula chake mbali kama merikebu za biashara, aangaliaye shamba na kulinunua, auzaye nguo na mishipi kwa wafanya biashara, awanyoshaye maskini mkono, afunguaye kinywa chake kwa hekima. Nilipomaliza, Bibi akamgeukia baba mdogo.

"Shamba lile alilinunua nani?"

"Mwanamke," akajibu baba mdogo.

"Kwa fedha ya nani?"

"Yake mwenyewe."

"Na mume wake alikuwa wapi?"

Baba mdogo akacheka kidogo. "Alikuwa langoni, amekaa na wazee."

Watu wote wakacheka. Bibi hakucheka. Akasema, "Basi ninyi mwamtaka mke wa namna hiyo, lakini hamtaki kumlea. Mtoto huyu ana akili ya kununua shamba. Mwacheni asome."

Wageni walirudishwa kwa heshima, wakala na kunywa, ng'ombe hawakupokewa. Bibi akaahidi kwamba nauli na sare za wadogo zangu wawili zitatoka katika dagaa. Ndiyo maana niko hapa Kidato cha Sita. Kila likizo mimi huamka alfajiri pamoja naye, nabeba ndoo. Msimu wa mvua uliopita dagaa wake wengi walioza kwenye chanja kwa kukosa jua, naye hakunitajia hata mara moja kwamba gharama ya kukaa kwangu shuleni ni mgongo wake.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake naona jibu la swali la mdogo wangu wa Kidato cha Pili. Bibi ni mtoto wa fulani, alikuwa mke wa fulani, na kijijini huitwa mama fulani. Hakukana hata moja. Lakini akiwa mjane amebaki mtu kamili, kwa sababu ana kazi aliyoitiwa, na kazi hiyo yalisha watu. Kadhalika utii anao. Mtii kuliko Bibi simjui. Ila kwanza anamtii yule aliyemwita kwa jina, na kwa sababu hiyo hamwogopi mwingine. Kutii si kunyamaza. Yule mke wa Mithali amesifiwa kwa mambo mengi, na kimya hakimo.

Mwambao huu wa ziwa umekwisha kutoa mashahidi wengine. Mama Maria Nyerere, mzaliwa wa Tarime, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kufunga ndoa mwaka wa 1953, na mume wake alipoacha mshahara wa ualimu kwa ajili ya siasa, yeye aliendesha duka dogo Dar es Salaam ili nyumba ile. Na ng'ambo kidogo tu ya mji wetu, katika kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa Mama Gertrude Mongella mwaka wa 1945. Akiwa bado mtoto alikiacha kisiwa akaenda kusoma Morogoro kwa masista wa Maryknoll. Fikirini safari ile kwa msichana wa kijiji katika miaka ya hamsini: kuvuka ziwa, kisha siku nyingi njiani, kwenda mahali asipomjua mtu. Alihitimu chuo kikuu Dar es Salaam, akawa mwalimu wa walimu, akawa waziri. Mwaka wa 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, ambako nchi 189 zilikuwa na wajumbe, na katika mambo kumi na mawili makuu yaliyoandikwa kule, moja lilikuwa habari ya mtoto wa kike. Mwaka wa 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mama huyo ni Mkristo, aliolewa, ni mama wa watoto. Kama mtu yeyote angemwambia babaye kwamba binti Mkristo hana kazi ila kungoja posa, dunia ingepungukiwa.

Lakini nawaonya wenzangu, tusidhani kwamba jibu ni ukubwa. Si kila mmoja wetu atakwenda Beijing. Mimi naona kazi ya Bibi mwaloni na kazi ya Mama Mongella mbele ya mataifa ni kazi moja, maana kipimo chake ni kimoja: Je, nani anashiba kwa sababu yako? Nani anapata kusema kwa sababu wewe umesema?

Wapo watakaosema kwamba nawatia wasichana kiburi, ili waidharau ndoa. Hapana. Mimi mwenyewe natumaini kuolewa, Mungu akipenda, na kulea watoto. Nasema tu kwamba mwanamke aingie katika ndoa kama mtu aendaye na mzigo wake wa zawadi, asiingie kama mtu akimbiaye mvua.

Na sisi wasichana tuna makosa yetu. Wengine twadhani Ukristo wetu ni jina la ubatizo na nguo nyeupe ya Jumapili. Wengine twakimbia kuulizwa "mke wa nani?" kisha twajipima kwa viatu na simu ya mwenzetu. Huo ni utumwa ule ule, umebadili mlango. Msichana aketiye kitandani akijiuliza tangu asubuhi mpaka jioni "mimi ni nani?" hatapata jibu. Na ashike kazi iliyo karibu naye, hesabu zisizompendeza, mgonjwa wa bweni asiye na mtu wa kumletea uji, mdogo asiyejua kusoma vizuri. Katika kufanya atajijua.

Kwenu wazazi, nawaomba msome sura yote, msiishie katikati. Binti akimaliza Kidato cha Nne, msiulize kwanza nani amekuja. Muulizeni anaweza nini. Kwenu walimu, nawashukuru, nami nawaomba mtuambie habari za wanawake wa mwambao wetu pamoja na za malkia wa mbali.

Mimi sijui mwisho wa safari yangu. Baada ya mtihani nataka kusomea uuguzi, na chuo kipo hapa hapa Bugando. Baba mdogo bado hajasema ndiyo. Wala hajasema hapana. Juzi alimwuliza Bibi, polepole, wauguzi hulipwa kiasi gani.

Basi, mdogo wangu wa Kidato cha Pili, hili ndilo jibu langu, ijapokuwa limechelewa. Uliitwa kwa jina lako kabla mtu yeyote hajaja kukuposa. Jina hilo ni lako hata uolewe, hata usiolewe. Kesho asubuhi amka mapema, ukaanze na kazi iliyo mbele yako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita