Laptopu ya shemeji haitaki kulala!

Juzi juzi hapa nimepata kashikashi ambayo nusura inivunjie undugu. Sogea karibu nikupe.

Si unajua tena sisi waandishi wa kulipwa kwa makala? Ofisi hatuna, meza hatuna, kompyuta ndiyo kabisaa. Basi mwanzoni mwa mwaka shemeji yangu, mume wa dada, alipata laptopu mpya, ile ya zamani akanikabidhi mie. Akasema mbele ya dada, "Haya shem, hiki chombo nakuazima, sikupi. Kikiungua tusijuane." Dada akacheka. Mie sikucheka, maana namjua.

Kasheshe likaanza. Huwa naamka alfajiri nyumbani Mbagala, naandika mpaka kunakucha, nafunga kifuniko, naitumbukiza kwenye begi, huyoo kwenye daladala kwenda mjini kupeleka kazi. Siku hiyo foleni haikuwa ya mchezo. Begi nimelipakata, nikaanza kusikia joto mapajani, nikadhani ni huku kubanana kwetu. Weee! Nafungua zipu, feni inavuma kama mashine ya kusaga, chini panachoma kama kikaango cha chapati. Betri niliyoiacha na asilimia 90 imebaki 7. Kabla hatujafika Kariakoo ikajizima yenyewe, na nusu ya makala ambayo nilikuwa sijaisevu ikaenda na maji.

Ikatokea mara ya pili, ikatokea ya tatu. Makala ikichelewa hailipwi, kwetu sheria ndiyo hiyo, kwa hiyo wiki mbili nikawa mikono mitupu.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mwenye meza yake kando ya barabara. Akaifungua, akaifunga, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kuita ndugu wa mgonjwa. "Bodi hiyo, dada. Laki moja na nusu, iache hapa, kesho jioni unaichukua." Jamani! Laki moja na nusu ndiyo kwanza nilikuwa nimeipokea kwenye upatu, na ilikuwa na kazi yake: kodi ya chumba. Nilishaanza kuzitoa hizo noti. Kilichoniponya ni lile neno "iache". Mali ya mtu niiache barabarani usiku kucha? Nikamwambia narudi kesho, nikaondoka nayo.

Nyumba tunayopanga, chumba cha mbele anakaa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, huku akiwawekea watu Windows kwa hela ya vocha. Nikamsimulia huku machozi yananilenga. Akaniuliza swali ambalo fundi hakuniuliza: "Dada, ukiilaza mwenyewe kwa menyu, ukabonyeza Sleep, inalala?"

Sikuwahi kujaribu. Tukajaribu. Ikalala kimya kama mtoto aliyeshiba. "Sasa bodi imekufa wapi?" akasema.

Hapo ndipo nilipopewa darasa, na mie nakugawia. Laptopu ina kulala kwa namna mbili. Kuna Sleep, hilo ni lepe tu la usingizi: kioo kinazima, lakini memori inaendelea kunyonya umeme kidogo ili kazi yako isipotee. Na kuna Hibernate, huo ndio usingizi wa pono: kila ulichokuwa unafanya kinaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazima kabisa. Hata betri ikiisha, ukiwasha unakuta ulipoachia.

Na anayeamua mashine ilale ama isilale si bodi peke yake. Tangu Desemba 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilipotoa utaratibu uitwao ACPI, uamuzi huo ulihamia kwenye mfumo wenyewe, yaani Windows. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, ihoji Windows kwanza.

Tukaihoji. Ukienda Control Panel, ukaingia Power Options, upande wa kushoto kuna maandishi "Choose what closing the lid does". Yaani, nikifunga kifuniko ufanye nini? Kuna safu mbili, moja ya kutumia betri, nyingine ya kutumia umeme wa ukutani. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa "Do nothing". Usifanye kitu! Mashine ilikuwa inatii amri. Nikifunga, inaendelea kuchapa kazi gizani ndani ya begi, haina hata pa kupumulia.

Nani kaiamuru? Nikapiga simu. "Shikamoo shemeji, samahani, hivi wewe ulishawahi kugusa mambo ya kifuniko?" Akanyamaza. Halafu nikasikia kicheko. Kumbe bwana mkubwa alikuwa anaichomeka kwenye runinga kwa waya aangalie mpira, na kifuniko anakifunga watoto wasichezee vitufe! Alipoinunua mpya akasahau kurudisha. "Pole shem," akasema. Pole! Wiki mbili sijalipwa, unaniambia pole.

Tukabadilisha safu zote kuwa "Sleep", tukabonyeza Save, dakika moja haikuisha.

Ila usidhani kisa kiliishia hapo. Kesho yake nimefunga vizuri, imelala, nimepanda gari, nafika mjini naikuta macho tena. Kijana akaniambia niandike cmd pale pa kutafutia, nibonyeze kulia nichague "Run as administrator", kisha niandike powercfg /lastwake. Hiyo inamtaja aliyeiamsha mara ya mwisho. Akatajwa kipanya! Kile kisicho na waya, ambacho nakitupia humo humo begini na kitufe chake cha kuwashia hakijazimwa. Kila daladala ikiruka tuta, kipanya kinatikisika, laptopu inaamka. Ukitaka orodha nzima ya wenye ruhusa ya kuiamsha, andika powercfg /devicequery wake_armed. Kisha nenda Device Manager, tafuta mhusika, kwenye ukurasa wa Power Management ondoa alama ya kumruhusu kuamsha. Au zima kipanya kama watu wengine wenye akili zao.

Na kama yako unaiacha mezani muda mrefu haisinzii yenyewe, hiyo ni kesi nyingine. Andika powercfg /requests. Itakutajia nani anaizuia. Kila mahali ikisema None, hakuna anayeizuia. Yangu ilisema kuna sauti inatumika. Taarabu niliyoipunguza sauti mpaka mwisho nikaisahau, yenyewe inaimba tu kimya kimya, na mashine kwa adabu yake hailali mtu akiimba.

Wengine mnaniambia Hibernate haipo kabisa kwenye menyu. Ipo, imefichwa. Pale pale Power Options chagua "Choose what the power buttons do", bonyeza maandishi ya kubadilisha yaliyofungwa, shuka chini uweke alama kwenye Hibernate. Usipoiona hata hapo, andika powercfg /hibernate on kwenye ile cmd. Inahitaji nafasi kwenye diski, kwa kawaida kama asilimia 40 ya memori, kwa hiyo mwenye memori ya GB 8 aandae zaidi ya GB 3. Diski yako ikiwa imejaa filamu mpaka kooni, utajijua mwenyewe.

Kuna na hii: umewekewa Windows upya, ghafla Sleep imepotea au haibonyezeki. Andika powercfg /a, itakupa sababu. Mara nyingi ni draiva ya kioo haikuwekwa, imebaki ile ya msingi. Mrudie aliyekuwekea amalizie kazi, na usilipe mara mbili. Powercfg /a hiyo hiyo ikikuandikia "S0 Low Power Idle", jua una laptopu ya kisasa ambayo ikilala hulala jicho moja wazi kama simu. Hiyo kabla ya kuitia begini ipeleke Hibernate.

Simaanishi mafundi wote ni waongo. Kwenye kifuniko kuna sumaku ndogo na kihisio chake, vikifa kweli mashine haijui kama imefungwa. Lakini hayo yaje baada ya maswali, si kabla.

Mashine ya shemeji ni ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, kwa hiyo siku zake nazo zinahesabika. Kwa sasa inalala. Kodi nimelipa, makala hii nimeifikisha kwa wakati ikiwa na asilimia 84. Tatizo langu ni moja tu: fundi yule anajua nitarudi kesho, na meza yake ipo njiani. Siku hizi nazungukia kwa nyuma, kwenye matope.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.