Kisu cha Mhunzi na Haki ya Mnyama

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, na khasa enyi vijana, mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kisu. Asidhani mtu kwamba tumeacha mambo ya dini tukashika mambo ya jikoni. Hapana nyumba ya Muislamu isiyokuwa na kisu, na dini yetu imekiwekea adabu zake. Adabu hizo tulizijua tangu utotoni, tukazisomesha miaka mingi, kisha siku ya kazi zikatuponyoka.

Ilikuwa Idd ya Kuchinja ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, hapa kwetu Temeke. Wazee wa watoto wa chuo walichanga wakanunua mbuzi, nasi tukapewa heshima ya kumchinja. Tulikuwa na kisu kipya cha dukani, king'aacho kama kioo. Usiku wa kuamkia Idd tulikitazama tukaridhika nacho, wala hatukukijaribu hata kwa kukata uzi. Asubuhi mbuzi akalazwa, akaelekezwa Kibla, tukataja jina la Mwenyezi Mungu, tukavuta. Kisu kikateleza juu ya manyoya, kikakwaruza ngozi tu. Mnyama akalia na kutapatapa. Jirani yetu mmoja auzaye nyama akaja mbio na kisu chake cheusi, kisichopendeza kwa sura, akataja jina la Mola wake, akamaliza kwa mvuto mmoja.

Watoto walikuwa wamesimama wakitazama. Mmoja wao, mwenye miaka tisa, akatuuliza kwa adabu: "Maalim, si ulitufundisha kwamba kisu kinolewe kwanza?" Hatukuwa na jawabu.

Mtoto yule alisema kweli. Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, nayo imo katika Sahihi ya Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Nao wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba aliyechinja kwa kisu butu, nyama yake huwa halali kwa masharti mawili: ukataji usitegemee nguvu za mchinjaji, na koo na umio vikatike kabla mnyama hajafikia mtapotapo wa kufa. Basi tazameni jinsi ubutu wa kisu unavyoweza kukitia shaka chakula cha nyumba nzima!

Baada ya Idd tulimwuliza jirani yule kisu chake alikipata wapi, akatupeleka Gerezani kwa mhunzi mmoja. Mhunzi alichukua kipande cha springi ya gari kuukuu, ambayo ni chuma cha pua, akakitia katika moto wa mkaa hata kikawa chekundu, akakifua kwa nyundo. Kilipopata umbo, alikipasha moto tena akakichovya katika mafuta. Chuma kilichochovywa hivyo huwa kigumu, lakini huvunjika upesi. Kwa hiyo alikirudisha kwenye joto dogo, hata uso wake uliosuguliwa ukageuka rangi ya majani makavu. Hapo chuma hushika makali wala hakivunjiki ovyo. Kisha akatia mpini wa mninga na kuukaza kwa misumari miwili iliyopigwa vichwa huku na huku.

Ufundi huu si mgeni katika nchi zetu. Sharif al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma cha Malindi kuwa bidhaa yenye faida kubwa kwa watu wa pwani. Na huko Upare ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Tena sahaba mtukufu Khabbab bin al-Aratt alikuwa mfua panga Makka. Basi vijana msiidharau mikono yenye masizi.

Kisu hicho tumekitumia nyumbani mwaka mzima, nasi yatupasa kusema wema wake na aibu yake. Hukata nyama na kuchuna ngozi bila taabu. Hupasua vijiti vya kuni, na mgongo wake mnene huvunja nazi. Makali yake yakipungua, hurudi upesi juu ya kinoo. Lakini kwa nyanya na vitunguu ni kinene mno, kwani hupasua badala ya kukata vyembamba, na mama watoto amekwisha kurudia kisu chake cha zamani. Ukikata ndimu au embe bichi ukakiacha bila kukiosha, huwa cheusi. Katika masika ya mwaka 2025 tulikisahau uani usiku mmoja, tukakikuta na kutu asubuhi. Kosa lilikuwa letu, maana mhunzi alikwisha kutuonya.

Basi tuliyojifunza ni haya. Kisu kikishatumika kuchinjia, kioshwe kwa maji hata damu iondoke, kwani damu ni najisi. Kisha kikaushwe, kipakwe mafuta ya nazi kidogo, kitiwe katika ala na kuwekwa mbali na watoto. Umpapo mtu kisu, mpe mpini, Mtume (S.A.W.) alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa. Kinolewe usiku wa kabla ya kuchinja, wala kisinolewe mbele ya macho ya mnyama, kwani jambo hilo nalo Mtume alilikemea. Na mwenye kisu cha dukani asikitupe: akinoe, akijaribu, kikikata chatosha. Sheria haikutaka kisu cha thamani, imetaka makali.

Idd ya mwaka 1446, yaani Juni 2025, tulikinoa kisu chetu usiku, na mtoto yule yule ndiye aliyeshika taa. Asubuhi tulivuta mara moja tu, na mbuzi hakulia. Mtoto hakusema neno, wala sisi hatukusema. Lakini hatujapata kusomesha hadithi ya Shaddad vizuri kuliko siku ile.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapunguza katika haki za viumbe vyake, na atujaalie tuyatende yale tunayowasomesha watoto wetu. Amin. Wabillahi taufiq.