Kamio zinazochemka njiani Kasindi–Butembo: joenti ya kilase inaungua juu ya nini, na nani analipa?

Wasafiri wa barabara ya Kasindi, Beni na Butembo wameshazoea kuona jambo hili. Kamio imesimama katikati ya mpando, kabini imeinamishwa mbele, mvuke unatoka, na konvoyeri anateremka bondeni na bidoni kutafuta maji. Abiria wanangoja juu ya mizigo. Samaki ya mama wauzaji inaanza kuharibika. Jioni fundi anatoa jibu ambalo kila mtu alilingojea: joenti ya kilase imeungua. Inabadilishwa, kamio inarudi njiani, na baada ya safari chache inasimama tena kwa ugonjwa ule ule.

Wengine wanalaumu piyese za bandia, wengine mazutu mbaya. Piyese mbaya ziko, hakuna anayekataa. Lakini kwa kamio zilizobadilishwa ili zibebe zaidi, mara nyingi joenti ni ya mwisho kuumia, si ya kwanza kukosa. Anayebadilisha joenti peke yake ameondoa alama ya ugonjwa, ugonjwa wenyewe ameuacha ndani.

Mzigo mara mbili, motere ile ile

Kasindi iko kwenye uwanda wa joto, karibu na Ziwa Edouard lililo kwenye mita 912 juu ya usawa wa bahari. Butembo iko juu ya mita 1,700. Kati yao kuna kilometa 134: 80 mpaka Beni, kisha 54 mpaka Butembo. Sehemu hizo mbili zimo katika mradi wa barabara ambao Kongo na Uganda zilizindua Disemba 2021. Pale barabara inapotengenezwa, shofere anapata nafasi ya kukanyaga, na mwenye kamio anapata hamu ya kupakiza zaidi.

Kwa hiyo resori zinaongezwa, shasi inarefushwa, mbao za karoseri zinapandishwa. Kamio iliyozaliwa kubeba tani nne inapakizwa nane. Kwenye mpando nguvu inakosa, ndipo fundi anaombwa "kufungua pompe", maana yake kuongeza mazutu inayoingia kwenye motere. Wengine wanafunga tirbo kwenye motere ambayo haikutengenezwa nayo. Kamio inapanda vizuri, moshi mweusi unatoka, na kila mtu anafurahi.

Ila joenti ya kilase, ambayo majirani wa Uganda na Tanzania wanaita gasketi ya silinda hedi, inakaa kati ya bloku na kilase. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda, oile na maji visikutane. Mazutu ikizidi, msukumo wa moto unapanda na joto pia. Kilase inasukumwa juu, bulon zinavutika, na siku moja moto unapata njia ya kupita.

Kuna tena jambo dogo ambalo wengi wanalidharau: kifuniko cha radiatere. Kwenye urefu wa Butembo, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Kifuniko kizima chenye resori ya bari 0.9 kinayazuia yasichemke mpaka karibu digrii 115. Anayeziba radiatere kwa kitambaa na mfuko wa plastiki amejinyima digrii 20 za usalama, kabla hata ya kuwasha motere.

Kabla ya kufungua kilase

Fundi mzuri hafungui kilase juu ya povu peke yake. Anaanza asubuhi, motere ikiwa baridi. Je, maji yanapungua bila kuvuja nje? Je, mpira wa radiatere unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla motere haijapata joto? Je, oile imekuwa kama kahawa ya maziwa? Je, silinda mbili zinazopakana zimepoteza kompresio pamoja? Alama hizo zikikutana, joenti inashukiwa kwa haki.

Lakini kila alama iko na ndugu yake wa kudanganya. Moshi mweupe unaweza kutoka kwa enjekteri mbovu. Oile yenye maji inaweza kutoka kwa radiatere ndogo ya kupoza oile. Na kwenye kamio zenye breki za hewa, kompresere nyingi zinapozwa na maji ya motere: joenti yake ndogo ikipasuka, inapuliza hewa ndani ya radiatere, na povu linafanana kabisa na lile la kilase. Ukiondoa mipira ya maji ya kompresere na kuziba njia zake kwa muda mfupi wa kupima, povu likikoma, kilase haina kosa. Kuna wenye kamio waliolipa kazi ya siku nzima kwa kufungua kitu kilichokuwa kizima.

Kufunga ili isirudi

Kilase ikishatoka, haitoshi kuipanguza. Inawekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa kale. Kama imepinda zaidi ya kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi sehemu ya kumi ya milimita hivi, inapelekwa kwa fundi wa kusawazisha. Inapimwa pia nyufa, hasa kati ya supapi. Bloku na vichwa vya shemizi vinapimwa vilevile: shemizi moja ikiwa imezama, joenti mpya haitaibana.

Joenti za dizeli nyingi ziko na unene tofauti, unaotambuliwa kwa alama zilizokatwa pembeni. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku. Kuchukua ile iliyopatikana sokoni bila kupima ni kubahatisha. Bulon zilizovutika zinabadilishwa. Kukaza kunaanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa ufunguo wenye kipimo. Nguvu ya mkono na bomba la kurefusha ufunguo havihesabu.

Mwisho ndio mgumu zaidi: pompe inarudishwa kwenye kipimo chake, radiatere inasafishwa, kifuniko kizima kinawekwa, na mzigo unapunguzwa. Bila hayo, kazi yote ya juu ni ya muda.

Hesabu ya kweli

Hapo ndipo suala linatoka garaji na kuingia mfukoni. Shofere anadaiwa pesa ya kila safari. Akisimama wakati sindano ya joto inapanda, anachelewa. Akiendelea, anaua motere. Mwenye kamio anaona faida ya tani zilizoongezwa, haoni mara moja bei yake. Abiria na wauzaji ndio wanaolala njiani, na hasara ya mzigo ulioharibika inaishia kwenye bei ya soko la Butembo. Kwenye bariera wanaulizwa karatasi; uzito na hali ya motere haviulizwi sana.

Joenti yenyewe ni ya bei ndogo ukilinganisha na kilase iliyopasuka. Mwenye kamio anayetaka kujua kama tani zake za ziada zinamlipa, aandike kwenye daftari moja safari zote na siku zote za kusimama. Halafu ahesabu.